Waya Mweupe Chini ya Kifuniko: Barua ya Wazi kwa Wakaguzi na Mafundi wa Maboti ya Bonde la Ufa

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, KMA. Kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fuo za Ziwa Naivasha na Ziwa Baringo. Kwa wenye maboti ya kutembeza watalii na ya kuvulia samaki. Na zaidi ya wote, kwa mafundi wanaofungulia mashine za boti kwenye kivuli cha miti ya ufuoni.

Waheshimiwa,

Sachangwan, inakotoka barua hii, haina ziwa. Ina mteremko. Lori likitoka Mau Summit kuelekea Nakuru huanza kushuka, likapita Sachangwan, likapita Migaa, na halitulii mpaka Salgaa, ambako madereva wa masafa marefu huegesha, wakala, wakalala. Huku juu ni baridi, ni mashamba ya viazi, na maji mengi kuliko yote ni ya matangi ya mvua. Mtu ana haki ya kuuliza barua ya mashine za boti imetokea wapi.

Imetokea kwenye neno moja ambalo watu wa mteremko na watu wa ziwani wanalitumia kwa maana ileile: dairekti. Fundi akisema kitu amekiweka dairekti, ameruka kifaa fulani na kuunga nyaya kana kwamba kifaa hicho hakijawahi kuwepo. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kufanya kazi Februari 2004, kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na spidi gavana ya kulizuia lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kilichofuata kila abiria wa matatu anakijua. Gavana ilibaki mahali pake, stakabadhi yake ikabaki kwenye dashibodi, na gari likaenda kasi lilivyotaka kwa sababu waya mmoja ulikuwa umehamishwa. Kwenye karatasi kifaa kipo, barabarani hakipo.

Mteremko huu una dairekti yake pia, hata kama haihitaji bisibisi. Madereva huiita kupiga fri: gia inatolewa, injini inaachana na magurudumu, lori linateremka kwa uzito wake ili dizeli isiliwe. Kazi yote ya kulizuia inabaki kwa breki. Breki zikipata moto mno hupoteza nguvu ya kushika, na dereva hugundua hivyo akiwa mbali na mahali pa kusimama. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walikufa hapo Migaa basi na lori vilipogongana. Baadaye pande mbili za barabara zilitenganishwa kwa kizuizi cha zege. Zege ni jambo jema, lakini halirudishi gia iliyotolewa.

Sasa ziwani.

Kwenye mashine ya boti, kinachorukwa ni swichi ndogo yenye kamba. Kamba yenyewe kwa kawaida ni nyekundu, imejikunja kama waya wa simu za zamani. Ncha moja ina ndoano ya kufungwa kwenye paja au kwenye jaketi la kujiokoa, na ncha nyingine ina klipu ya plastiki inayochomekwa kwenye swichi. Anayeendesha akirushwa au akianguka, kamba inavuta, klipu inachomoka, mashine inazima. Kifaa hicho kizima kinaenea kwenye kiganja.

Maziwa ya Bonde la Ufa yana sababu zake za kukihitaji. Tangu miaka ya 2010 maji ya Naivasha, Nakuru na Baringo yamepanda na kumeza migunga, nyua za mashamba, nyumba na hata hoteli. Pale Kampi ya Samaki, ufuoni mwa Baringo, boti leo hupita juu ya mahali ambapo watu walikuwa wakitembea kwa miguu. Kisiki kilicho sentimita chache chini ya maji hakionekani, hasa Baringo ambako maji yana rangi ya udongo. Naivasha kuna gugumaji linaloziba pangaboi, na kuna viboko, ambao hawatoi taarifa kabla ya kuibuka. Boti inayogonga kisiki kwa kasi husimama ghafla, lakini aliyekaa nyuma kwenye ukingo akishika mkono wa mashine hasimami. Anaendelea na safari peke yake.

Baada ya hapo mkono wa mashine, ukiwa hauna wa kuushika, hulala upande mmoja na boti huanza kuzunguka. Boti inayokwenda kilomita 40 kwa saa hula mita 11 kila sekunde, kwa hiyo duara lake hurudi haraka pale pale alipoangukia mtu, na pangaboi likiwa bado linakata maji. Ndivyo ilivyotokea Padstow, kusini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 5 Mei 2013. Familia ya watu sita ilirushwa yote kutoka kwenye boti yao ya kasi. Boti ikazunguka bila mtu na kuwarudia. Baba na binti yake wa miaka 8 wakafa, wengine wakajeruhiwa. Wachunguzi wa ajali za majini wa nchi hiyo walikuta kwamba boti ilikuwa na kamba ya kuzimia, ila haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Marekani nayo, kuanzia tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya shirikisho inamtaka mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 yenye swichi hiyo aitumie boti inapokuwa kwenye kasi. Haikuwatosha kuwalazimisha watengenezaji kuiweka. Ilibidi wamlazimishe mtu kuivaa.

Lakini kuwahubiria waendeshaji wavae kamba ni kuanzia mwisho wa hadithi. Barua hii inashikilia kwamba kamba nyingi hazivaliwi kwa sababu swichi zake ni mbovu, na swichi hubaki mbovu kwa sababu ya jinsi mashine za zamani zilivyoundwa. Ndiyo maana inazungumza na mafundi zaidi ya wengine.

Mashine nyingi za viharusi viwili zilizozeeka kwenye maji ya Afrika Mashariki, Enduro za Yamaha zikiwemo, hazihitaji betri kuwaka. Gurudumu lenye sumaku huzunguka juu ya koili na kuzalisha umeme wake lenyewe. Umeme huo hupita kwenye kiboksi kinachoitwa CDI, ukaenda kwenye koili ya plagi, ukawa cheche. Mashine ya namna hiyo haizimwi kwa kukata umeme. Huzimwa kwa kuupoteza: waya wa kuzimia unaotoka kwenye CDI unagusishwa na bodi ya mashine, umeme unakimbilia kwenye chuma, plagi zinakosa. Kwenye Yamaha waya huo ni mweupe na wa bodi ni mweusi. Kwenye Mercury za zamani ni mweusi wenye mstari wa njano. Klipu ikiwa ndani, swichi imezitenga nyaya hizo mbili. Klipu ikitoka, inazikutanisha.

Hapo ndipo penye mtego. Kifaa kinachozima kwa kukata kikiharibika, mashine haiwaki, na mwenyewe atakitafutia fundi siku hiyohiyo. Kifaa kinachozima kwa kuunga kikikatika, mashine inawaka vizuri kuliko jana. Waya ukichomoka, ukiliwa na kutu, bolti ya waya mweusi ikipakwa rangi hadi isiguse chuma, hakuna taa inayowaka wala king'ora kinacholia. Boti inakwenda, inavua, inatembeza watalii. Kasoro inajulikana siku mtu yuko majini.

Lori la breki za upepo, kwa kulinganisha, limepangwa kinyume. Breki zake za kuegeshea hubanwa na springi, na upepo ndio unaozifungua. Upepo ukivuja mpaka ukaisha, springi zinabana na lori linakaa hapo lilipo, hata kama ni katikati ya njia na foleni inafika Salgaa. Inaudhi, lakini hiyo ndiyo akili yake: likiharibika linasimama. Mashine ya zamani ya boti haina akili hiyo, kwa hiyo akili inabidi iwe ya fundi.

Chukua asubuhi ambayo fundi yeyote wa ufuoni ataitambua. Mashine ya nguvu farasi 40 imegoma. Wageni wameshavaa majaketi, wengine wameshaanza kupiga picha. Kamba ya kuwashia imevutwa mpaka bega linauma. Plagi zimetolewa, zimesuguliwa, zimerudishwa, na bado hakuna cheche. Fundi anafungua kifuniko, anaufuata waya mweupe mpaka kwenye kiungo chake, anauchomoa. Anavuta mara moja. Mashine inanguruma, watu wanapiga makofi.

Mpaka hapo fundi hajakosea kitu. Amefanya kipimo sahihi kabisa, kilekile ambacho vitabu vya watengenezaji vinaelekeza: tenga waya wa kuzimia, tazama kama cheche inarudi. Imerudi, kwa hiyo CDI na koili ni nzima na ugonjwa uko kwenye swichi au kwenye waya wake. Kosa linaanza anapofunga ncha ya waya kwa utepe mweusi na kurudisha kifuniko. Kipimo kimegeuzwa kuwa tiba. Na kwa kuwa hakuna kinachoonekana kwa nje, boti hiyo itauzwa, itabadilisha nahodha mara tatu, na hakuna atakayejua kwamba kamba nyekundu anayojifunga kila asubuhi haijaungwa na chochote.

Kinachotakiwa ni nusu saa ya pili, ya kuitibu swichi yenyewe, na barua hii inaomba kuipitia polepole, hata kama mafundi wengine watasema wanaijua.

Kabla ya swichi, ni klipu. Zinafanana, lakini hazibadilishani. Ya Yamaha ina umbo la uma na huingia chini ya kitufe cha kuzimia. Ya Mercury za zamani ni kama kofia inayokaa juu ya kiswichi cha kuinua. Klipu iliyolika au ya mashine nyingine inaweza kuinua kitufe nusu tu, na mashine ikagoma au ikawa inazima kila boti inaporuka wimbi. Kipande cha ubao, kifuniko cha chupa au kamba ya katani iliyozungushwa chini ya kitufe si klipu. Fundi akikikuta, akitoe kabla hajafanya jambo lingine.

Halafu cheche, na hapa mtu wa Sachangwan ana haki ya kuinua mkono. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka kwenye barabara hii. Watu wakaja na mitungi kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 110 wakafa. Tangu siku ile watu wa huku hawahitaji kuambiwa kwamba petroli haingoji kiberiti kiifikie. Kinachoshika moto ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kulala kwenye mabonde. Tumbo la boti ni bonde. Fundi anayepima cheche kwa kuigusisha plagi kwenye chuma, huku tangi la petroli liko wazi miguuni pake na matambara yaliyolowa yako kando, anarudia jambo ambalo Sachangwan ililishuhudia, ila kwa kipimo kidogo. Tangi lifungwe na kuondolewa, kifuniko cha mashine kiachwe wazi hewa ipite, na plagi ishikwe mbali na matundu ya silinda. Vipima-cheche vya kubana vipo madukani, na ni salama kuliko kushika plagi kwa vidole.

Cheche ikikosekana kwenye silinda moja tu kati ya mbili, waya wa kuzimia kwa kawaida hauna hatia. Ukigusa bodi unaziua zote kwa pamoja. Atafutwe mwingine: plagi, kofia ya plagi, koili. Jambo hili dogo lingeokoa swichi nyingi zinazong'olewa bure.

Ikiwa cheche imerudi baada ya waya kutengwa, sasa ndiyo kazi ya mita. Mashine ikiwa imezimwa na waya wa kuzimia ukiwa bado umechomolewa kutoka kwenye CDI, mita iwekwe kwenye omu, ncha moja kwenye waya wa swichi, nyingine kwenye bodi. Klipu ikiwa ndani, mita isisome kitu. Klipu ikichomolewa, isome karibu na sifuri. Kitufe kikibonyezwa, tena karibu na sifuri. Swichi inayosoma sifuri hata klipu ikiwa ndani imeungana, na ndiyo iliyoizuia mashine kuwaka. Isiyosoma kitu hata klipu ikitoka imekatika, na ndiyo ya hatari, maana mteja wake hatakuja kulalamika.

Kati ya hizo mbili iko ya tatu, yenye usumbufu kuliko zote: inayosoma vizuri ikiwa kavu na kuvuja ikilowa. Boti ya Naivasha inatoka ufuo wa Karagita vizuri, inafika karibu na kisiwa cha Crescent Island, inaanza kukohoa. Fundi akiipima mchana juani, haoni kosa. Dawa yake ni kuilowesha makusudi kwa maji kidogo huku mita imeunganishwa, na kuutikisa waya sehemu zote zinapopindia, hasa pale unapoingia kwenye mkono wa usukani, kwa sababu huko ndiko unakokunjwa kila siku. Namba ikiyumba, ndipo palipo na ugonjwa. Kusafisha kwa dawa ya kupuliza kunaweza kusaidia wiki mbili. Kubadilisha swichi kunasaidia miaka.

Wapo wanaonunua swichi ya ufunguo ya pikipiki au ya gari na kuifunga badala ya hiyo. Wajihadhari. Waya wa kuzimia wa CDI hubeba umeme wenye volti nyingi kuliko betri mashine inapozunguka, na haukuumbwa kupokea umeme wa betri. Ukiungwa kwenye waya wenye moto wa volti 12, CDI inaweza kuungua papo hapo, na bei yake haina undugu na bei ya swichi.

Liko pia jina moja linalochanganya vitu viwili. Ziwani "swichi ya usalama" inaweza kuwa hii ya kamba, au ile inayozuia mashine isiwake ikiwa kwenye gia. Kwenye mashine za kuwasha kwa ufunguo hiyo ya pili ni swichi ya umeme. Kwenye nyingi za kuvuta kwa mkono ni waya wa chuma unaoifunga kamba ya kuwashia mpaka gia irudi nyutro. Nayo hurukwa. Mashine inayowaka ikiwa kwenye gia huruka ghafla kutoka gatini wakati abiria amesimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Fundi akiletewa malalamiko, aulize kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

Na siku swichi inapokufa mashine ikiwa inanguruma? Kasi ipunguzwe, gia iwekwe nyutro, choki ivutwe yote ili mashine inywe petroli nyingi kuliko hewa na kuzima. Kuchomoa mpira wa mafuta pia huzima, ila baada ya muda, mpaka kabureta imalize ilichonacho. Kuing'oa kofia ya plagi kwa mkono ni kujitafutia shoti. Kila mwendeshaji afundishwe hivyo kabla hajafundishwa mahali viboko wanapolala.

Hoja ya upande wa pili isikizwe, maana si ya kipuuzi. Manahodha wanasema kamba hunasa kwenye kasia, kwenye nyavu, kwenye mguu wa abiria. Mashine huzima katikati ya kundi la viboko, na hapo kuzima ndiko kunakoua. Ni kweli. Mashine inayozima bila mpango mbele ya kiboko dume si usalama kwa mtu yeyote. Lakini sehemu ya malalamiko hayo ni ya kamba ndefu iliyochoka, isiyojikunja tena, inayoburuta sakafuni. Kamba fupi iliyofungwa juu ya goti au kwenye jaketi hainasi ovyo. Sehemu nyingine ni ya zile swichi zinazovuja, zinazozima zenyewe na kusingizia kamba. Nahodha anayezimikiwa mara tatu kwa wiki hatangoja ya nne. Atamwita fundi aweke dairekti, na kwa mtazamo wake atakuwa amejilinda. Swichi nzima ndiyo itakayomshawishi avae kamba, kuliko faini.

Lipo na jambo ambalo husahauliwa. Nahodha akianguka na kamba yake, klipu huondoka naye. Boti imezima, vizuri, lakini walioachwa ndani, pengine watalii wasiojua hata kuogelea, hawawezi kuiwasha wamfuate. Ndiyo maana boti inatakiwa kuwa na klipu ya akiba, mahali ambapo abiria ameonyeshwa kabla ya kuondoka. Na ndiyo maana pia klipu ya akiba isiachwe imechomekwa kwenye swichi kutwa nzima. Hiyo ni dairekti nyingine, ya plastiki.

Kwa KMA ombi ni moja. Mamlaka hii, iliyoundwa mwaka 2004 na kupewa sheria yake mwaka 2006, ina jukumu la usalama wa vyombo vya majini mpaka kwenye maziwa haya ya bara, na imesukuma sana matumizi ya majaketi ya kujiokoa. Jaketi humsaidia aliyeanguka asizame. Halimsaidii dhidi ya boti inayomrudia. Basi mkaguzi anapofika Kamere kule Naivasha au Kampi ya Samaki, asiridhike kuiona kamba ikining'inia. Aombe mashine iwashwe, boti ikiwa imefungwa na gia iko nyutro, kisha aivute kamba yeye mwenyewe. Matokeo yaandikwe kwenye fomu kwa neno moja: imezima, au haikuzima. Isiyozima isipakie abiria mpaka itengenezwe. Kazi hiyo haihitaji chombo wala bajeti, na haizidi dakika mbili kwa boti.

Kwa wenye maboti, ombi ni la pesa, na pesa huumiza. Vipuri vya mashine kuukuu vinazidi kuwa haba; kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za Evinrude iliacha kuzitengeneza mwaka 2020, na mwenye mashine hiyo anajua tayari jinsi kutafuta kipuri kulivyogeuka kuwa uwindaji. Lakini swichi ya kamba ni miongoni mwa vipuri rahisi vya mashine nzima. Fundi akisema inahitajika nyingine, asijibiwe "weka tu dairekti, tutaona mwisho wa mwezi". Fundi wa jua kali akiamriwa na mwenye mali atafanya alivyoamriwa, kisha siku ya ajali atatajwa yeye.

BMU nazo zinaweza kufanya jambo ambalo Nairobi haiwezi. Kila ufuo una kibanda, na kila kibanda kinaweza kuwa na sanduku: klipu mbili tatu za kila aina ya mashine iliyopo ufuoni hapo, kamba mpya mbili, mita moja ya umeme ya bei nafuu. Fundi aazime, aandike jina, arudishe. Ni klipu iliyopotea saa kumi na mbili asubuhi, duka la vipuri likiwa Nakuru mjini, inayomfanya nahodha achukue kijiti cha kuchomeka chini ya kitufe.

Na fundi, baada ya nusu saa hiyo ya pili, asiondoke bila kufanya jambo moja mbele ya mwenye boti. Waya mweupe umerudishwa kwenye kiungo chake, utepe mweusi umetupwa, kifuniko kimefungwa. Awashe. Aiache mashine ipate moto kidogo, kisha aivute kamba. Ikizima, alipwe. Isipozima, wageni wasubiri, na kifuniko kifunguliwe tena.

Wasalaam,

Mkazi wa Sachangwan,
Kaunti ya Nakuru